Vichaka vya Nyuma ya Kiwanda

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, kaa chini. Kama mwanao Kifaranga yuko mapajani kwako na ana mkate wenye jemu mkononi, mnyang'anye. Atalia. Mwache alie, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Najua ungetaka nipige simu. Lakini mimi na wewe tangu msiba wa mama tukishika simu hatumalizi dakika tano bila mmoja kumkatia mwenzake, na jambo hili halitaki kukatiana. Barua nimempa dereva wa basi la asubuhi, ameapa atakukabidhi mwenyewe hapo kwenye cherehani yako.

Unazikumbuka chupa mbili za jemu ya matunda ya miiba ulizonitumia mwezi uliopita? Nilikuandikia kwamba tangu chungu cha mama kivunjike sijala jemu tamu namna ile, nikakuuliza mkono wa mama umeupata wapi. Chupa moja niliimaliza peke yangu, kwa kijiko, bila hata mkate. Ya pili niliipeleka kazini.

Wiki iliyopita hapa maabara tulikuwa tunapima udongo wa nyuma ya kile kiwanda cha betri kilichofungwa, mtaa wa pili kutoka kwako. Udongo ule unatisha, ila hilo tulilitegemea. Mashine yetu inapokea sampuli ishirini na nne kwa mkupuo mmoja, nami nilikuwa na ishirini na tatu. Nikasema ngoja nafasi iliyobaki niweke jemu ya dada, nimwonyeshe kwamba ina chuma na zinki kuliko dawa za dukani. Nilitaka kujishaua tu.

Dada, ina risasi. Si risasi ya bunduki, ni yale madini mazito ya kwenye betri za magari. Nimepima mara tatu. Nimebadilisha mpaka glavu. Namba ni ile ile.

Mzizi haunywi maji matupu. Unakunywa maji pamoja na kilichoyeyuka ndani yake, na udongo ukiwa mchachu kama huo wa kwenu, madini yanayeyuka kirahisi. Vile vichaka vya miiba vina uroho wa ajabu, madini ya manganizi vinayavuta mpaka majani yanajaa. Kwa maoni yangu na risasi vimeivuta hivyo hivyo mpaka ikafika kwenye tunda, na nyinyi mnayachuma hapo hapo ukutani mwa kiwanda.

Uliniandikia kwamba tumbo linamsokota mtoto, anakaa siku tatu bila choo, na yale maneno aliyokuwa ameanza kuyasema ameyaacha. Ukasema ni meno. Meno yake yote yameshaota, nayajua mimi, aliniuma kidole. Mpeleke akapimwe damu, na umsimamie daktari aandike neno risasi kwenye karatasi, asije akampa dawa ya minyoo akawarudisha nyumbani.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo hata siku moja, lakini leo naogopa.

Mdogo wako

*

13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja na kisu. Dereva alinikuta nashona suruali ya mteja. Nilivyomaliza kusoma nikaendelea kukanyaga cherehani bila kujua, mguu mmoja wa suruali nimeushona mpaka chini, umefungika kama mfuko.

Mkate nilimnyang'anya. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini humu ndani.

Nimempeleka. Daktari mwenyewe kijana mdogo, akataka kunicheka. Nikamwambia wewe andika, mdogo wangu anapima udongo tangu hujaanza shule. Akaandika. Jibu limekuja leo. Ishirini na sita. Nikamuuliza ishirini na sita ni nzuri au mbaya. Akasema kwa mtoto hata tano ni nyingi. Hakucheka tena. Nikakaa sakafuni pale pale mlangoni kwake, watu wakawa wananiruka.

Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Nimempata nina miaka arobaini na tatu, wakati watu walishachoka hata kunionea huruma. Baba yake yuko safarini na lori, hajui lolote. Akirudi nitamwambia nini? Kwamba sumu nimemlisha mimi, kwa kijiko, huku nikimwimbia afungue mdomo?

Vichaka tumeving'oa. Yule mdogo wetu wa kiume tuliyempachika jina la Taratibu tangu shuleni, siku hiyo hakuwa taratibu hata chembe. Alishika jembe asubuhi, mpaka jua linafika katikati hakuna kichaka kilichosimama ukutani. Mikono yote imechanika. Lakini alikuwa analia huku anachimba. Unajua anavyovipenda, jitu zima la miaka arobaini na kila kichaka amekipa jina lake. Mfuko mmoja wa matunda aliuficha chini ya kitanda, nimeukuta. Nakutumia na basi hili, pamoja na mizizi na majani, kila kimoja nimekifunga peke yake kama unavyotaka wewe.

Upime. Halafu usiniandikie maneno ya vitabu. Niandikie neno moja tu, imeisha.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mfuko umefika. Matunda yalikuwa yameanza kuchacha, nimeyagandisha kwanza, kwa sababu mashine yetu imeharibika na kifaa chake kinasubiriwa. Tumeambiwa wiki mbili, labda tatu.

Kwa hiyo siwezi kuandika imeisha. Naweza kuandika hivi: risasi ikifungiwa mlango wa kuingilia, mwili unaitoa wenyewe kidogo kidogo. Mlango mmeufunga, vichaka havipo. Mpe mayai, maharage, maziwa, mboga za majani, maana mwili wenye njaa ya chuma unadaka hata risasi. Baada ya wiki tatu apimwe tena. Utaona namba imeshuka, ishirini, labda hata kumi na nane.

Mpe pole Taratibu. Nimemkumbuka sana wiki hii. Unakumbuka zile zamu zetu? Mama akipika matunda, leo anakomba chungu huyu, kesho yule. Zamu yangu nilikuwa namwachia Taratibu, naye ananichotea ndoo zangu mbili za maji, mimi nabaki na kitabu changu kibarazani. Alikuwa akikomba, chungu hakihitaji kuoshwa.

Na hilo la chungu acha nilimalize leo. Ulipoapa kwamba kilivunjika siku ya kuhamisha vyombo, nilikusema vibaya mbele ya watu. Nilikasirika kwa kuwa mama alisema nipewe mimi. Chombo kuvunjika si kosa la mtu. Nisamehe, dada. Sitalitaja tena.

Mdogo wako

*

8 Aprili

Mdogo wangu,

Arobaini na saba.

Ulisema ishirini. Ulisema labda kumi na nane. Nimemwambia daktari apime upya, nikamwambia mashine yao imelewa. Akapima upya. Arobaini na saba.

Nimefanya kila ulichosema! Mayai, maharage, maziwa, mboga. Ila huyu mtoto bila jemu hafungui mdomo, anabana meno mpaka shingo inamsimama. Nikasema basi, nitafute matunda yasiyo na doa. Taratibu akapanda mlimani, kule juu kabisa ambako hakujajengwa hata banda la mbuzi, akarudi na ndoo mbili. Nimeyaosha maji saba. Nikayapika polepole tangu asubuhi mpaka adhuhuri kama alivyokuwa anapika mama, ili kama kuna sumu ife kwa moto. Ndiyo hayo anayokula, hakuna kingine kipya kilichoingia mdomoni mwake.

Siku hizi anatembea anapepesuka. Anashika ukuta. Juzi nimemwita mara nne, ananitazama kama mtu asiyenifahamu. Jina langu alikuwa analisema, lile la "mma", sasa hata hilo hana.

Au risasi imepanda mpaka mlimani? Niambie kama inatembea. Niambie nimpeleke wapi, nitambeba mgongoni leo leo.

Dada yako

*

10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Haitembei. Mashine imetengenezwa jana, nimepima mfuko wa Taratibu, na sasa nakuandikia jambo ambalo linanitia aibu na hofu kwa pamoja.

Matunda ya ukutani ni safi.

Niliyoyaosha ni safi. Nisiyoyaosha yana vumbi kidogo juu ya ganda, basi. Majani yamejaa manganizi kama nilivyotegemea. Mizizi ndiyo yenye risasi, tena nyingi, imenasa huko huko chini. Manganizi na zinki zinapita na kupanda shina, ila risasi inakwama mzizini, kama mtu aliyebeba godoro kwenye mlango mwembamba. Tundani hakikufika kitu cha maana.

Nilihukumu vichaka kwa ushahidi wa chupa ya jemu. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza maabara, maana kazi yetu inaanza na kupima kitu kibichi kabla ya kilichopikwa. Nilitishika, nikaruka hatua. Mmeng'oa vichaka visivyo na kosa, na wiki tano nzima tumekuwa tukilinda mlango ambao mwizi hakupitia.

Sasa nisikilize vizuri. Kama tunda ni safi na jemu ni chafu, basi risasi inaingia katikati, kati ya ndoo na chupa. Nijibu moja moja. Maji ya kupikia ni ya wapi? Sukari ni ya wapi? Unakorogea nini? Unapikia chombo gani? Chupa zilikuwa na nini kabla? Usiruke hata kimoja, hata kama unakiona cha kipuuzi.

Mdogo wako

*

13 Aprili

Mdogo wangu,

Majibu yako haya.

Maji ni ya bomba, mtaa mzima tunakunywa hayo. Sukari ni ya dukani. Mwiko ni wa mti. Napikia sufuria, sufuria ya kawaida tu ile ya alumini. Chupa ni za asali, nazichemsha.

Sasa angalia haya niliyokutumia. Kuna rangi niliyoikwangua dirishani, imebanduka kweli, nadhani ndiyo hiyo. Kuna vumbi la chini ya kitanda chake. Kuna kifungo cha koti alichokuwa ananyonya. Kuna pini zangu za kushonea, maana na mimi nashika chuma mchana kutwa na kumshika yeye kwa mikono hiyo hiyo. Kuna udongo wa viatu vya baba yake. Pima vyote. Nimekwangua nyumba nzima, mdogo wangu, mpaka Taratibu ananitazama.

Siwezi kushona. Uzi haupiti kwenye tundu la sindano. Wateja nimewarudishia vitambaa vyao.

Zimebaki chupa tatu za jemu ya mlimani. Ikiwa tunda lenyewe unasema ni safi, si naweza kuendelea kumpa? Ndicho kitu pekee anachomeza bila kupigana. Nisiposikia kutoka kwako nitampa.

Dada yako

*

15 Aprili

Dada Mdogo,

Mimi ni Taratibu. Naandika mwenyewe. Hii kalamu ni ya dada ya kuchorea vitambaa.

Kifaranga ametetemeka asubuhi hii. Mwili wote. Macho yamepanda juu. Dada akapiga kelele. Gari la jirani limewapeleka hospitali. Mimi nimebaki.

Chungu cha mama hakikuvunjika. Kipo. Kiko chini ya meza ya cherehani, kimefunikwa na gunia la vipande vya nguo. Dada anapikia jemu humo. Aliniambia nisikwambie kwa mdomo wangu. Sijasema kwa mdomo. Hii ni karatasi.

Barua yako dada alinisomea. Alipofika pale kwenye chombo gani, akakohoa. Halafu akaandika sufuria. Nilimwona akiandika sufuria.

Mimi ndiye ninayekoroga. Kifaranga anakaa hapa kwenye goti. Tukimaliza tunakomba wote, yeye upande wake, mimi upande wangu. Ndani ni njano ya kung'aa. Zamani ilikuwa nzima. Sasa inabanduka vipande vidogo. Nimeviona kwenye kijiko. Nilifikiri ni sukari imeungua. Yeye amekula.

Jana alitaka jemu nikampa. Amemaliza chupa. Nimekosea?

Barua nampa dereva. Amesema nisilie, atakimbiza basi.

Taratibu

*

15 Aprili, mchana

Dada,

Ndani ya boksi hili, chini ya barua, kuna dawa. Mpe daktari kwanza, halafu ndiyo usome.

Simu yako imezimwa. Nimempata muuguzi wa wodi, akaniambia dawa ya kuvuta risasi mwilini hawana hapo, iko hospitali kuu ya huku. Nimekwenda na koti la kazini na karatasi ya mashine mkononi, nimesimama mlangoni kwa mfamasia mkuu mpaka akaitoa. Dereva ameiweka mbele, miguuni kwake. Boksi liko na barafu, lisifunguliwe ovyo.

Taratibu ameniandikia. Usimguse. Usimwambie hata neno moja la ukali, unanisikia? Kama mtoto huyu ataishi, ni kwa karatasi yake yenye herufi zilizolala.

Kile kitu cha njano ndani ya chungu ndicho. Tunda chachu likichemka mle taratibu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, linaikwangua risasi na kuiyeyusha, na ikiyeyuka ni tamu. Ule utamu niliokusifia kwenye barua, dada, ndio huo. Mimi nilikula chupa nzima nikadhani ni mkono wa mama.

Jemu yote imwagwe. Chungu mpe dereva aniletee.

Leo sina nafasi ya kukasirika. Nitakasirika mtoto akipona. Mungu wangu, apone nipate kukasirika.

Mdogo wako

*

24 Aprili

Mdogo wangu,

Naandikia kwenye wodi, kitanda cha tatu upande wa dirisha, kiti hakina mgongo. Amelala. Namwangalia kifua kinapanda na kushuka, nikimaliza mstari mmoja naangalia tena.

Walivyompima siku ile ilikuwa sabini na nne. Daktari yule kijana alitoka nje kabla hajaniambia, akarudi macho mekundu. Dawa yako ilifika saa kumi. Dereva aliingia nayo mpaka wodini na abiria wake wakimsubiri kwenye basi, hakuna aliyelalamika. Mtoto alitetemeka mara mbili zaidi, usiulize ilikuwaje. Tangu jana hajatetemeka. Amekunywa uji vijiko vinne.

Taratibu sijamgusa. Aliponiona alijifunika kichwa kwa mikono miwili, mtu mzima yule, akijua nitampiga. Nilimshika ile mikono nikaishusha.

Sasa nikwambie la chungu. Nilimuuguza mama miaka kumi na moja. Nimemgeuza, nimemwosha, nimemlisha, nimelala chini ya kitanda chake kama paka. Wewe ulikuwa unakuja likizo na maua. Na siku ya mwisho akafumbua macho, akasema chungu apewe mdogo wako. Hakutaja jina langu kwa lolote. Basi roho ikanikunja, nikasema kimevunjika. Nilifikiri ni uongo mdogo, utakufa wenyewe. Kila nikikitoa kupikia nilikuwa nafunga mlango kwanza.

Ulivyoniuliza napikia chombo gani, ningeweza kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikajiambia chungu kile kimetulea sote watatu na hatukufa, hakihusiki, kwa nini nijidhalilishe bure? Na wewe ulikuwa umeniomba msamaha wiki tatu nyuma. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopea mwanangu. Nimelisema hivyo hivyo lilivyo, sina namna nyingine ya kulisema.

Baba yake amefika. Nimemwambia yote. Tangu asubuhi amemshika mtoto mguu.

Dada yako

*

19 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia ni thelathini na moja. Itaendelea kushuka, lakini safari hii sikutajii namba, nimejifunza.

Chungu kilifika kimefungwa kwa vitambaa vyako vyote vizuri, mpaka ile hariri ya bluu. Nilikaa nacho mezani muda mrefu kabla ya kukigusa. Bado kinanukia moshi na matunda. Mfinyanzi aliyekitengeneza alichanganya risasi kwenye ule mpako wa ndani ili ung'ae na uyeyuke kwa moto mdogo, walikuwa wanafanya hivyo zamani bila nia mbaya. Nilikijaza siki siku moja, nikapima ile siki. Namba sikuandikii, itakunyima usingizi.

Nilisema nitakasirika mtoto akipona. Nimekasirika siku nane. Nilivunja kikombe, nikamfokea mwanafunzi asiye na kosa. Bado kuna asubuhi naamka nimekukasirikia. Lakini nami barua yangu ya kwanza ndiyo iliyowapeleka kwenye vichaka, nikaacha chungu kikiendelea kuchemka. Kama ni kusimamishwa ukutani, tusimame wote wawili.

Na mama hakukunyima. Alinitajia chungu kwa sababu nyumba, cherehani na kila kilichomo alijua tayari ni vyako. Hukulijua hilo? Nilidhani unalijua.

Nimechukua nyundo ya maabara nikakipasua mwenyewe. Kwa hiyo sasa ni kweli ulichoniambia. Kimevunjika.

Mdogo wako

*

2 Juni

Dada Mdogo,

Mimi Taratibu tena. Dada ameniruhusu kuandika. Hajui ninachoandika.

Kifaranga amerudi nyumbani. Anatembea akishika kidole changu. Jana amesema "Tatibu." Dada alikaa chini akalia. Mimi nilicheka.

Vichaka vimechipua ukutani. Sikuviambia vichipue. Vimechipua vyenyewe kutoka kwenye mizizi tuliyoiacha. Ulisema matunda yake ni safi, nayaosha tu vumbi, sivyo? Nisipovimwagilia vitakufa, jua ni kali. Navimwagilia.

Daktari amempa dada karatasi. Inasema risasi inamfanyaje mtoto. Nimeisoma siku mbili, mimi nasoma polepole. Inasema anachelewa kusoma. Anasahau alichotumwa. Maneno yanamkwama. Anakasirika kisha hajui kwa nini. Anaambiwa mvivu na si mvivu. Nilipomaliza nikaanza tena mwanzo.

Karatasi hiyo inanisema mimi.

Mwalimu alisema kichwa changu ni jiwe. Alinisimamisha nje ya darasa, mkaniona mkitoka. Mama alisema ndivyo nilivyozaliwa, nisijali. Lakini chungu nilikomba mimi kuliko wote. Mlikuwa mnasema hakihitaji kuoshwa.

Je, nilizaliwa hivi?

Nijibu mimi, usimjibu dada. Siku hizi anaogopa kila kitu. Mimi naogopa hili moja tu.

Taratibu

*

4 Juni

Mdogo wangu,

Taratibu, barua hii nimeiandika mara nne na kuichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ya maabara. Ya pili ilisema sijui. Ni kweli kwamba sijui kwa uhakika, kwa maana risasi ya utotoni haikai kwenye damu, inajificha mifupani, na hakuna mashine ya kunionyesha ungekuwa nani bila hiyo. Lakini umeniuliza mimi, nami sitakohoa.

Hapana. Nadhani hukuzaliwa hivyo.

Ulisema mapema kuliko sisi wawili. Mama alikuwa akilisimulia hilo kwa wageni, kisha likaja kuwa jambo la kuonea haya akaacha kulisimulia. Ulikuwa ukinisikia nikisoma kwa sauti pale kibarazani, unarudia ukurasa mzima bila kitabu, na hata shule hujaanza. Nakumbuka. Nilikuonea wivu.

Tulikuwa watoto watatu na zamu tatu. Dada Mkubwa alikomba yake. Mimi yangu sikuikomba, nilikuachia wewe, ukanichotea ndoo mbili za maji, nami nikabaki na kitabu. Miaka yote ile wewe ulikula mara mbili. Nilidhani nilichokuonea ni maji tu, na hata hayo nilikuwa nikiyasimulia kama kichekesho. Vyeti vilivyoko ukutani kwangu nimevipata nikiwa nimekaa kivulini, wewe uko jikoni unakula zamu yangu.

Nilikuwa mtoto na sikujua. Najiambia hivyo tangu juzi na hainisaidii. Wewe ukiona inakusaidia, niambie.

Si mvivu wewe. Hukuwahi kuwa mvivu. Aliyeitwa mzito alichukua kalamu ya kuchorea vitambaa akaandika ukweli ambao sisi wawili, wenye maneno mengi, tulishindwa kuuandika na kuusoma. Kifaranga anapumua kwa sababu hiyo.

Jumamosi nakuja. Tutakwenda kupimwa damu, wewe na mimi, mkono kwa mkono, usiogope sindano. Tukirudi utanionyesha vichaka na kunitajia majina yao, kimoja kimoja, nitayaandika. Na ukivimwagilia, wewe kaa kivulini. Ndoo nitabeba mimi.

Dada yako mdogo